Darasa Moja, Wasikilizaji Elfu

Tunamhimidi Mwenyezi Mungu, na tunamsalia Mtume wetu Muhammad (s.a.w.), na jamaa zake na sahaba zake. Ama baada ya hayo, ndugu zetu wasomaji, somo letu la mara hii ni juu ya jambo lililokwisha kuingia majumbani mwetu na misikitini mwetu, nalo ni darasa na hotuba zipelekwazo kwa picha na sauti kwa njia ya intaneti. Tangu Lamu hata Vanga, ni watu wachache mno ambao hawajapata kumwona sheikh akisomesha katika kioo cha simu. Lakini wanaojua jinsi picha ile ilivyofika mkononi mwao ni wachache zaidi, na kutojua huku kumezaa makosa ya namna mbili: makosa ya mali na makosa ya ibada. Kwa hivyo imetupasa kwanza kulieleza jambo lenyewe, kisha ndipo tuseme lipi linafaa na lipi halifai.

Ili maneno yetu yasielee hewani, tutachukua mahali pamoja pawe mfano wetu. Mahali penyewe ni Mitaboni, mji mdogo wa soko upande wa Kathiani, katika kaunti ya Machakos. Tumepachagua kwa sababu pako mbali na bahari, na Waislamu huko ni wachache. Mtu wa pwani akipelekwa huko kwa ualimu, au akienda kwa biashara, jambo atakalolikosa mbele ya yote ni darasa. Basi tuseme wako ndugu zetu wachache Mitaboni, na kila usiku wa Ramadhani wataka kumsikiliza sheikh aliye Mombasa. Darasa litawafikiaje?

KUFIKISHA NI AMANA

Mtume (s.a.w.) alipohutubia katika Hija ya Kuaga, mwaka wa 10 wa Hijra, aliwaagiza waliohudhuria wawafikishie wasiokuwapo. Na umati wa siku zile ulikuwa mkubwa kuliko sauti ya mtu mmoja, hata vitabu vya Sira vimepokea kwamba Rabia bin Umayya bin Khalaf alikuwa akiyakariri maneno ya Mtume kwa sauti kuu huko Arafa, ili walio mbali wasikie. Vile vile katika ugonjwa wake wa mwisho, alipokuwa akisali kwa kuketi, Abubakar (r.a.) ndiye aliyekuwa akiwasikilizisha watu takbiri zake. Kutokana na hayo wanazuoni wetu wameijua kazi ya mubaligh, yaani yule anayeikariri takbiri ya imamu pale safu zinapokuwa nyingi.

Itazameni kazi hii vizuri. Imamu hutamka mara moja, na mubaligh hukariri mara moja, na safu nzima ikasikia. Imamu hana haja ya kumwendea kila maamuma na kumnong'oneza sikioni. Wala maamuma wakizidi, imamu haongezewi taabu, bali huongezwa mubaligh mwingine nyuma. Mfano huu tuuweke moyoni, kwani tutaurudia.

REDIO NA KASETI

Redio ni kama mubaligh. Mnara hurusha mawimbi hewani mara moja, na kila mwenye chombo cha kupokelea huyapokea. Sauti ya Mvita ilipokuwa ikitangaza kutoka Mombasa katika miaka ya 1950, msikilizaji mmoja na wasikilizaji elfu walimgharimu mtangazaji sawasawa, wala hakuna msikilizaji aliyempunguzia mwenziwe haki yake.

Kaseti si hivyo. Wazee wetu wanakumbuka jinsi mawaidha yalivyokuwa yakienezwa kwa kaseti: kila anayetaka hunakiliwa yake. Watu mia, kaseti mia.

Sasa watu wengi hudhani kwamba intaneti ni kama redio. Sivyo. Intaneti, kama inavyotumika kwa kawaida, ni kama kaseti. Kila simu huomba nakala yake peke yake, na kila nakala husafiri njia nzima peke yake, hata kama simu kumi zimo chumba kimoja na zote zatazama sheikh mmoja kwa wakati mmoja.

Tufanye hesabu. Picha ya wastani, isiyo safi sana wala mbaya sana, yataka kiasi cha megabiti 1 kwa kila sekunde. Watazamaji 10 wataka megabiti 10, na watazamaji 1,000 wataka megabiti 1,000, yaani gigabiti 1 kwa sekunde. Msikiti wenye laini iwezayo kupeleka nje megabiti 10, ukitaka kumpelekea kila mtu picha hiyo moja kwa moja kutoka msikitini, utawatosheleza watu kumi tu. Akiingia wa kumi na moja, picha itaanza kukatika kwa wote. Huyo ndiye imamu anayemnong'oneza kila maamuma sikioni.

NJIA YA KIKUNDI

Mabingwa wa elimu hii waliiona dosari hiyo mapema. Steve Deering, aliyekuwa mwanafunzi katika Chuo Kikuu cha Stanford huko Marekani, alitunga njia ya kuifanya intaneti iwe na wabalighi wake, na kanuni zake zikatolewa mwaka 1989. Njia yenyewe ni hii. Badala ya kupeleka kwa anwani ya mtu mmoja mmoja, mwenye kupeleka hupeleka kwa anwani ya kikundi. Anwani za namna hii zimetengwa tangu 224.0.0.0 hata 239.255.255.255. Anayetaka kusikia hujulisha mashine ya njia iliyo karibu naye kwamba ameingia katika kikundi. Mwenye kupeleka hutoa nakala moja tu. Nakala hiyo hupita njia moja mpaka panapokuwa na njia panda, na hapo ndipo mashine ya njia huifanya mbili, moja huku na moja huku. Wasikilizaji kumi wa Mitaboni wangepelekewa nakala moja tangu Mombasa mpaka karibu na kwao, na hapo ndipo ingegawanywa.

Mwezi wa Machi 1992, sauti za mkutano wa mafundi wa intaneti uliofanyika San Diego zilipelekwa kwa njia hii zikafika mahali 20 katika mabara matatu. Watu wakatumai kwamba ndiyo itakuwa njia ya dunia nzima. Haikuwa hivyo, na sababu zake zafaa kujulikana.

Kwanza, njia hii yataka kila mashine iliyoko njiani ikubali kufanya kazi ya mubaligh na ikumbuke vikundi vyote vinavyopitia kwake. Intaneti haina mwenyewe mmoja. Ni mitandao maelfu ya wenyewe mbalimbali, na si kila mmoja anayekubali kumbebea mwingine mzigo huo, khasa kama hajui atalipwa na nani. Pili, nakala ni moja kwa wote, basi mwenye laini nzuri na mwenye laini dhaifu hulishwa sahani moja: huyu haishibi na yule yamshinda. Tatu, aliyechelewa hawezi kuanza mwanzo, na aliyepotewa na kipande hana wepesi wa kukiomba tena. Kwa sababu hizi njia ya kikundi imebaki zaidi ndani ya mitandao yenye mwenyewe mmoja, kama makampuni yanayopeleka televisheni majumbani kwa waya wao wenyewe. Katika intaneti ya watu wote haikuenea.

NJIA YA MAGHALA

Njia iliyoshika nafasi yake ni ya biashara tunayoijua sote. Mwenye duka wa Mitaboni hateremki Kilindini kwa kila kilo ya sukari anayouza. Sukari huwekwa katika bohari ya mjini Machakos, na yeye huichukua pale. Ndivyo yalivyofanya makampuni kama Akamai, iliyoanzishwa Marekani mwaka 1998. Waliweka maghala ya kompyuta katika miji mingi ya dunia, na ndani yake nakala za vitu vinavyotakwa sana, ili mwenye kutaka apewe kutoka karibu.

Basi hivi ndivyo darasa linavyosafiri siku hizi. Kamera ya msikitini hupeleka nakala moja tu kwa kampuni kama YouTube. Kompyuta za kampuni huitengeneza nakala hiyo kwa daraja mbalimbali, kutoka picha nzito mpaka picha nyepesi kabisa. Kisha kila daraja hukatwa vipande vya sekunde chache chache. Njia hii ya vipande ilienezwa sana na kampuni ya Apple tangu mwaka 2009, na nyingine za namna yake zikafuata. Vipande hupelekwa katika maghala, na simu ya msikilizaji huviomba kimoja baada ya kimoja. Laini ikiwa nzuri, simu huomba kipande kizito. Ikidhoofika, huomba chepesi. Ndiyo sababu mara uso wa sheikh waonekana wazi na mara waingia ukungu, bali maneno yaendelea.

Katika Kenya njia hii isingefaa kitu kama mambo yangebaki yalivyokuwa zamani. Zamani, barua ya kompyuta kutoka mtaa mmoja wa Nairobi kwenda mtaa wa pili, ikiwa mitaa hiyo ina makampuni mawili tofauti, ilipandishwa kwenye satelaiti iliyo juu kiasi cha kilomita 36,000, ikashukia ng'ambo, kisha ikarejeshwa. Mwaka 2000 makampuni ya Kenya yalifungua makutano yao mjini Nairobi, yanayoitwa KIXP, ili mambo ya nchi yabadilishwe ndani ya nchi. Yakafungwa baada ya muda mfupi kwa sababu Telkom Kenya, iliyokuwa na haki ya peke yake wakati ule, ilishtaki kwa mamlaka ya mawasiliano. Yakafunguliwa tena mwaka 2002. Kisha mwaka 2009 ukafika Mombasa waya wa SEACOM, na waya wa TEAMS uliolazwa kutoka Fujairah katika Ghuba, ukivuka bahari ile ile ambayo majahazi yalikuwa yakiivuka kwa kaskazi. Waya wa EASSy ukafuata mwaka 2010. Leo makampuni makubwa yameweka maghala yao humu nchini, na ndiyo sababu darasa linaweza kufika Mitaboni bila kwenda kwanza ng'ambo kwa kila mtazamaji.

Lakini liko jambo ambalo ghala haliliondoi. Kutoka mnara wa simu mpaka mkononi mwa msikilizaji, kila simu bado huchukua nakala yake. Mnara ni chombo cha mawimbi kama redio, nao waweza kutangaza mara moja kwa simu zote, na kanuni za kufanya hivyo zimekwisha kuandikwa, ila hazikuenea. Basi katika hatua ya mwisho kaseti imerudi, na safari hii mwenye kuinunua ni msikilizaji.

NANI ANALIPA?

Hapa ndipo penye makosa ya mali. Anayesomesha huona kwamba darasa lake ni bure, kwa sababu yeye halipi kitu kwa kila mtazamaji. Anayetazama kwa bando la simu hajui kuwa ni bure.

Picha ya megabiti 1 kwa sekunde hula kiasi cha megabaiti 450 kwa saa. Picha safi ya megabiti 5 hula gigabaiti 2 na robo. Sauti peke yake, iliyo safi ya kutosha kusikia kila herufi, hutosheka na kilobiti 64 kwa sekunde, nayo ni chini ya megabaiti 29 kwa saa. Kwa darasa la saa moja kila usiku, siku thelathini za Ramadhani, picha ya wastani itakula gigabaiti 13 na nusu, na sauti haitafika gigabaiti moja. Yaani anayetazama hutumia mara kumi na tano ya anayesikiliza, na zaidi.

Sasa tujiulize. Sheikh ameketi juu ya mkeka, kitabu mbele yake, na kwa saa nzima hakuna kinachobadilika ila midomo na mkono unaofunua karasa. Je, picha ile yamzidishia msikilizaji elimu mara kumi na tano? Kama anaonyesha namna ya kutawadha au kukafini maiti, au kuandika herufi ubaoni, picha ina haki yake. Bali kama ni maneno matupu, sauti yatosha. Ubadhirifu umekatazwa katika Sura ya Bani Israil, wala haukuruhusiwa kwa kuwa mali inayofujwa ni ya mwingine. Bando la muuza mboga wa Mitaboni ni mali yake, na kumlazimisha kuchagua baina ya picha nzito na kukosa darasa ni kumfungia mlango huku tukidai tumeufungua.

Wala tusifiche ugonjwa mwingine. Wako wanaopenda picha kwa sababu kioo huonyesha hesabu ya watazamaji, na hesabu hiyo imekuwa tamu kuliko faida ya wanaosoma. Riya ilikuwapo kabla ya intaneti, lakini haikupata kuwa na mashine ya kuihesabu.

YASIYOFIKA KWA WAYA

Sasa makosa ya ibada. Misikiti ilipofungwa katika Kenya kuanzia Machi 2020 kwa ajili ya maradhi ya korona, watu waliuliza kama yafaa kusali Ijumaa nyumbani nyuma ya imamu anayeonekana katika simu. Swala hili si jipya. Sheikh Ahmad bin Siddiq Al-Ghumari wa Morocco, aliyefariki mwaka 1960, aliandika risala akijuzisha Ijumaa nyuma ya redio kwa masharti. Wanazuoni wengi hawakukubaliana naye, kwani jamaa ni watu kukusanyika, na maamuma hana budi awe pamoja na imamu mahali pamoja au safu ziungane naye.

Nasi twaongeza sababu inayotokana na somo letu. Tumesema kwamba picha hukatwa vipande, vikawekwa ghalani, kisha simu ikavingoja viwe kadhaa kabla ya kuvionyesha. Kwa hivyo kinachoitwa moja kwa moja si cha sasa hivi. Mara nyingi huchelewa sekunde kumi hata thelathini, na pengine zaidi, na simu mbili katika nyumba moja zaweza kuhitilafiana. Wewe wamwona imamu yumo katika rukuu, kumbe amekwisha kusujudu. Je, huyo unamfuata yeye, au wafuata athari yake? Mubaligh wa msikitini alikuwa ndani ya sala. Waya hauko ndani ya sala.

Kosa la pili ni kubwa zaidi, kwa sababu watu hawalihisi. Jua huenda kutoka mashariki kwenda magharibi, na kila digrii moja ya longitudo ni dakika nne. Mitaboni iko magharibi ya Mombasa kwa zaidi ya digrii mbili. Kwa hivyo jua la Mitaboni huchwa baada ya la Mombasa kwa kiasi cha dakika tisa au kumi, zikizidi au kupungua kwa misimu. Saa za mkononi ni sawa kote Kenya, ila jua halifuati saa ya serikali. Ndugu yetu aliyeko Mitaboni akiitazama adhana ya magharibi kutoka Mombasa, naye akatia tende mdomoni, amefuturu mchana. Kuchelewa kwa picha kwa nusu dakika hakumwokoi. Haya ni makosa yanayoweza kuharibu saumu ya watu, na chanzo chake ni kudhani kwamba sauti ikifika, mahali nako kumefika.

YATUPASAYO

Sisi wa darasa hili tumekata shauri kama ifuatavyo, na twawanasihi wenzetu wafanye hivyo.

Kwanza, kila darasa litatolewa kwa sauti peke yake, na picha itakuwa ni ziada kwa mwenye uwezo. Picha yenyewe isiwe nzito kuliko haja.

Pili, baada ya darasa tutaweka kanda ya sauti ambayo mtu mmoja aweza kuichukua mara moja, kisha akawapa wenziwe kwa mkono, kutoka simu hadi simu, bila bando. Huyo ndiye mubaligh wa Mitaboni: mmoja achukue, kumi wasikie.

Tatu, asili ya kila darasa tutaihifadhi sisi wenyewe, isibaki kwa kampuni ya ng'ambo peke yake. Tarehe 12 Mei 2024 waya za EASSy na SEACOM zilikatika chini ya bahari, na intaneti ikadhoofika Afrika Mashariki nzima. Elimu isiyokuwa na nakala nyumbani ni elimu ya kuazima.

Nne, hatutatangaza adhana ya magharibi ya Mombasa katika Ramadhani pasipo kutamka wazi kwamba ni ya Mombasa na miji iliyo sawa nayo kwa jua, na kwamba walio bara waangalie magharibi ya kwao.

Tano, vijana wetu wajifunze kazi hii kwa misingi yake, wasitosheke na kubonyeza. Mji uliopokea waya kutoka Fujairah haufai kuwa mji wa watazamaji tu.

Ndugu zetu, aliyefikisha neno kwa njia asiyoijua huenda akafikisha nusu yake, au akamtoza masikini bei asiyoweza kuilipa, au akamfuturisha mfungaji kabla ya wakati. Twamwomba Mwenyezi Mungu atujaalie tuwe wenye kufikisha kwa elimu na kwa huruma, na azikusanye nyoyo zetu, walio pwani na walio bara, juu ya kheri. Wabillahi taufiki.